Sifa za Gari Linalokataa Mafuta

Magari yanayokunywa mafuta yana watetezi wengi. Fundi anayaheshimu, benki inayakopesha, sheli inayapenda kama mkwe mwenye hela. Gari linalokataa mafuta halina mtu. Linafika kwenye pampu, linafunguliwa kifuniko, mhudumu anachomeka mkono wa pampu na kubonyeza, na kabla namba hazijafika elfu mbili, tak! Imekata. Anabonyeza tena, tak! Honi zinaanza nyuma. Gari limetulia, mdomo wazi, halina habari na mtu. Utulivu huo naona unastahili hotuba, na kwa kuwa mwenye gari yuko bize kuiomba radhi foleni, wacha niitoe mimi.

Kwanza tuangalie limekulia wapi. Hapa ni Mchikichini, Dar es Salaam, kati ya Karume na bonde la Msimbazi, ambako hakuna chombo kilichowahi kukiri kwamba kimejaa. Marobota ya mitumba yamebanwa kwa mashine hata ukikata mikanda yake suruali zinakurukia. Kirikuu inabeba sofa tatu na mwenye sofa juu yake. Kwenye daladala konda anaapa "nyuma kupo wazi, sogeeni nyuma", na huko nyuma kuna mtoto wa shule amekaa kwenye mapaja ya mtu asiyemjua. Katikati ya watu na vitu vya namna hiyo, gari lenye robo tenki linasema limeshiba. Nani mwingine hapa ana ustaarabu huo?

Nakumbuka mwenzake mmoja tu, naye ni jengo. Machinga Complex, pale pale Karume, lilijengwa ili limeze wamachinga wa barabarani. Likafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kwa muda mrefu ghorofa zake za juu zikabaki zinapigwa na upepo, huku nje watu wakibanana na meza zao juani. Wakubwa walibonyeza, jengo likakata. Wakabonyeza tena, likakata. Wataalamu waliandika mengi kuhusu jambo hilo, lakini yeyote aliyewahi kusimama sheli na gari la aina ninayoisifu angewaeleza kwa sentensi moja: kama ndani hakuna pa kupumulia, ukimimina kitarudi.

Sifa ya pili ni kwamba gari hili linafungua chuo. Gari zima likijaza mafuta hakuna anayejifunza kitu. Watu wanatazama simu zao. Likija hili, darasa linaanza palepale.

"Bosi, gari yako inagoma."

"Weka pole pole, dada."

"Ndiyo pole pole hii, bosi. Ona." Tak!

"Igeuze hiyo pampu kichwa chini," anasema bodaboda aliyekuja kuweka ya elfu tatu. "Chomoa kidogo, usiizamishe yote," anasema mzee wa Noah, ambaye ameshateremka kabisa. Muuza maji anaona tatizo ni plagi. Mtu wa sita anauliza kama gari limewahi kuibiwa. Na ajabu ni kwamba bodaboda na mzee wako sahihi wote wawili: ukigeuza mkono wa pampu nusu duara, ukauvuta nje kidogo na kubonyeza kwa upole, mara nyingi linapokea. Muuza maji hayuko sahihi, lakini amepata nafasi ya kusikilizwa, na mjini hilo si dogo.

Darasa likiendelea, mtu anagundua kwamba pampu haina akili tuliyokuwa tunaisifia. Haijui tenki limejaa au halijajaa. Karibu na ncha yake kuna kitundu kidogo kinachovuta hewa. Mafuta yakipita kwa kasi penye wembamba ndani ya mkono wa pampu hufanya mvuto, na mvuto huo hutulizwa na hewa ya kile kitundu. Kanuni yenyewe ina jina la Mtaliano Giovanni Battista Venturi, aliyefariki mwaka 1822 bila kuonja foleni ya sheli hata siku moja. Kitundu kikizibwa na mafuta au povu, hewa inakosekana, mvuto unaongezeka, utando mdogo ndani unavutwa na kufyatua komeo. Tak. Yaani pampu inajua jambo moja tu: pua yake imelowa. Hayo mengine tumeyaongeza sisi.

Kwa hiyo gari linalokataa halisemi uongo wowote. Mafuta yameshuka, hewa iliyokuwa ndani ya tenki imekosa pa kutokea, imeyarudisha juu, pua ikalowa. Kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoyatumia, hewa hiyo hupanda kwa kibomba chembamba kinachoandamana na bomba la kujazia, na maadui wa kibomba hicho ni wengi kuliko wa serikali. Mnyoosha bodi aliyerudisha ubavu wa nyuma baada ya ajali anaweza kukikunja bila kujua. Mpira wake ukizeeka hulegea na kujifumba. Matope ya Jangwani msimu wa mvua hayachagui pa kuingia. Nyigu wa udongo naye hujenga popote penye tundu, bila kibali.

Na buibui! Hapa sifa za gari letu zinavuka bahari. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita karakana magari kama 65,000 ya Mazda6 huko Amerika ya Kaskazini, kwa sababu buibui mdogo wa rangi ya manjano, anayependa harufu ya petroli, alikuwa anafuma utando ndani ya bomba la kupumulia la mfumo wa mvuke wa mafuta. Wakaweka kinga. Mwaka 2014 wakayaita tena mengine zaidi ya 40,000, buibui akiwa bado hajakubali kushindwa. Kwa hiyo ndugu yangu unayepigiwa honi pale sheli usijione mnyonge. Wahandisi wa Mazda kule Hiroshima wamesumbuliwa na mdudu anayekaa juu ya ukucha.

Lakini buibui na nyigu ni wageni. Chanzo ninachokipenda mimi ni cha kwetu kabisa, nacho ni chenji. Umesema "jaza". Pampu imekata yenyewe kwenye 46,700. Sheli nzima hakuna mia tatu. Mhudumu anakuangalia: "Nimalizie hamsini, bosi?" Nawe bosi, umeitwa bosi mbele za watu, utasemaje? "Malizia." Inaingizwa karibu lita nyingine, kwa kudonoadonoa, tak, tak, tak, mpaka namba ipendeze macho.

Lita hiyo haina pa kukaa. Juu ya mafuta paliachwa nafasi ya mvuke, na mvuke huo una njia yake ya kwenda kwenye mkebe wenye punje za mkaa. Kazi ya mkaa ni kuushika gari likiwa limelala, kisha injini iuvute na kuuchoma gari likitembea, badala ya kuuachia majirani wauvute kwa mapafu. Mkaa ule umeumbwa kushika mvuke. Ukiletewa petroli yenyewe, unalowa, unavurugika, unakuwa tope, punje zinasafiri hadi kwenye vali na kuiziba. Kwenye magari yaliyoundwa ili hata hewa ya kujazia ipite kwenye mkebe huo, kama yale ya soko la Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mkebe ukiziba tenki linakosa pumzi, na siku moja pampu inakata kwenye elfu mbili. Watu wanasema gari limeharibika. Mimi nasema limekumbuka. Limeziweka hesabuni zote zile elfu tatu za kumalizia, na sasa linadai chenji.

Litazame pia kama raia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na ikinong'onwa kwamba zinapanda, jioni ya Jumanne mji mzima unahamia sheli kujaza. Gari letu haliwezi tamaa hiyo; linachukua ya elfu tano kwa taabu na kurudi nyumbani. Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei na wafanyabiashara wakafunga pampu, watu walizunguka Dar usiku kutafuta pa kujaza na kuweka akiba. Gari la aina hii lisingeweza kushtakiwa kwa kuficha mafuta hata kwa ushahidi wa kununua.

Maadui zake ni mafundi wazuri. Fundi mzuri anaanza kwa kukuuliza kama umejaribu sheli nyingine, maana huenda mgonjwa ni pampu. Kisha, mbali na moto na mbali na sigara ya msaidizi wake, anachomoa bomba la mvuke linaloingia kwenye mkebe na kukuambia ukajaribu kujaza hivyo hivyo, polepole. Likipokea, mshitakiwa ni mkebe au vali yake. Likikataa, anarudi kwenye bomba la kujazia na kile kibomba chembamba. Wapo wengine wanaonyonya bomba kwa mdomo na kutema petroli huku wakitikisa kichwa kama waonja chai. Uchunguzi wao ni wa haraka na kifua chao si cha kudumu. Na wapo wa "hiki kidude hakina kazi", wanaong'oa mkebe na kuziba bomba kwa skrubu. Hao wanakuachia tenki lisilopumua kabisa na harufu inayoingia nawe hadi chumbani.

Mkebe wa mtumba utaupata kwa wauza vipuri wa Gerezani ukiwa na subira na mtu anayekujua. Utikise kabla ya kulipa; ukilia kama kayamba, mkaa wake umeshapasuka. Ukishaufunga, gari litarudi kuwa la kawaida, litakunywa mpaka litosheke, na hakuna bodaboda atakayekufundisha kitu tena.

Kama huna moyo wa kuliona likishuka cheo namna hiyo, liuze lilivyo. Madalali wa Mchikichini hawatapata shida na tangazo. Wataandika wanachoandika siku zote, "IST safi, haili mafuta, bei maelewano", na kwa mara ya kwanza mnunuzi atakayerudi kulalamika ataulizwa, kwa haki kabisa, alidanganywa wapi.