Baba Wanne na Siku Tatu za Huruma

Louisville, Kentucky, mwezi wa tisa

Baba mkubwa, shangazi, na ninyi nyote wa Kasongo na Kabambare,

Huku tu wazima, bugali tunapata, sombe tunanunua ya barafu na tunashukuru hivyo hivyo. Mmeniuliza ni masomo gani haya yanayonifanya nisipokee simu. Ni somo la mwanzo la kuandika programu za kompyuta, katika chuo cha miaka miwili hapa mjini. Hapana, shangazi, hatufundishwi kutengeneza simu. Na yule kijana wa machimbo ya Namoya anayetaka programu ya kumwonyesha dhahabu ilipo, naomba asubiri. Programu ya kwanza tuliyoandika inaisalimu dunia tu, basi. Ni desturi iliyoenezwa na kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978, na kwa hilo nawasifu: angalau wanajua kwamba kazi huanza kwa salamu.

Lakini kabla ya salamu hiyo tuligawiwa kanuni za somo, kurasa nyingi kuliko katiba ya chama cha akina mama wa parokia. Bure! Ninyi mliopita chuo kikuu huko kwetu Kongo mnajua mambo ya daftari la profesa: asiyelinunua, alama zake hupotea njiani. Hapa unapewa, unatia sahihi kwamba umesoma, halafu wiki ya kwanza unafanyiwa mtihani juu ya kanuni zenyewe. Kompyuta bado hujaigusa.

Kinachonishangaza ni kwamba kila kisingizio cha binadamu kimekwisha kuandikwa humo na kujibiwa. Kwetu mtu akichelewesha kazi humwendea mwalimu nyumbani. Anaanza na hali, anauliza watoto, anauliza mpunga, ndipo anafika kwenye daraja lililobebwa na mvua. Mwalimu anakuna kichwa, anasamehe au anakataa. Hapa huruma imepimwa kabisa: siku tatu za kuchelewa kwa muhula mzima, uzitumie utakavyo, hakuna atakayekuuliza sababu. Zikiisha, zimeisha, hata ukilia damu. Juzi kijana mmoja Mmarekani alianza kumsimulia profesa habari za gari lake lililokufa barabarani. Profesa akamkatiza kwa upole: “Huna haja ya kunieleza, bado una siku mbili.” Kijana alinywea. Nadhani hadithi ilikuwa nzuri, na imeharibika bure.

Msiba una kifungu chake. Unaruhusiwa kukosa darasa kwa kifo cha ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu wametajwa: baba, mama, ndugu wa tumbo moja, mume au mke, mtoto. Nikaona heri nitengeneze mambo mapema, wakati hakuna aliyelala. Nikamwendea profesa katika saa zake za kupokea wanafunzi (hata kumtembelea kuna ratiba). Nikamwambia, profesa, mimi nina baba wanne, wote wako hai kwa neema ya Mungu, na mama siwezi kukutajia idadi yao hivi hivi. Akauliza taratibu ni yupi aliyenizaa. Nikamwambia kwetu Maniema swali hilo likiulizwa mbele ya wazee, mkutano umevunjika. Alicheka, akaandika kitu, akasema tutaongea jambo likitokea. Basi baba zangu, jitunzeni. Hasa mwezi wa kumi na mbili, mitihani ndiyo hapo.

Kusaidiana nako kuna mipaka yake. Kuzungumza na mwenzako juu ya swali ruhusa. Kutazama alichoandika, hapana. Kuna masomo ya kompyuta huku Amerika yenye kanuni iliyopewa jina la Gilligan's Island, mchezo wa kuchekesha wa televisheni wa miaka ya 1964 hadi 1967. Mkimaliza kuzungumza, mnaondoka mikono mitupu bila maandishi yoyote, kisha kila mmoja akae nusu saa nzima akifanya jambo la kupumbaza akili, mathalani kutazama mchezo huo, ndipo aandike. Kinachobaki kichwani ndicho chako. Wangetuuliza sisi: nusu saa ya kusukuma baiskeli yenye madumu ya mawese mlimani ingetosha kufuta hata jina la mwalimu. Na anayenakili hukamatwa. Tangu 1994 kuna programu iitwayo MOSS, ya mtaalamu Alex Aiken, inayolinganisha kazi zote, na kubadilisha majina ndani ya programu hakuipotezi njia. Na anayeandikiwa kazi na ChatGPT asijidanganye: profesa anaweza kukuita wakati wowote umweleze mstari kwa mstari ulichokileta.

Anayesahihisha kwanza, lakini, ni mashine, na mashine haina mjomba. Mwenzangu wa Bukavu aliambiwa aandike programu ya kuzidisha bei ya dola tatu na nusu mara mbili. Akaandika 3,5 kwa mkato, kama walimu wetu walivyotufundisha kwa Kifaransa, badala ya nukta. Mashine ikaona vitu viwili tofauti: tatu peke yake, na tano mara mbili. Ikamjibu: (3, 10). Akarekebisha. Safari hii, katika mstari wa jibu, akaacha nafasi kabla ya nukta mbili, kama waandikavyo Wafaransa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini kwa nafasi hiyo tu mashine ikampa sifuri. Alitaka kujua amwone nani. Hakuna wa kumwona.

Alama nazo, msije mkapika pilau mapema. Kwetu mtoto akipata 55 kwa mia katika mtihani wa Serikali anamwagiwa poda, mtaa mzima unaimba. Hapa 59 ni kuanguka. Na baba mkubwa, lile ombi lako la kuongea na profesa ujue ninavyoendelea haliwezekani. Mwaka uleule wa 1974 Ali alipomwangusha Foreman katika ngumi kule Kinshasa, Wamarekani walitunga sheria: mtoto akifika chuo, alama ni siri yake, kwa kawaida mzazi haambiwi bila idhini ya mwanafunzi. Sisi tuliozoea kusomewa alama uwanjani siku ya proklamasio, majirani wakihesabu nani wa mwisho, tumeipenda sheria hii mno. Idhini nitaifikiria.

Jambo moja la lazima. Kazi zetu hufungwa Jumapili, dakika moja kabla ya saa sita ya usiku. Kwenu hapo ni Jumatatu, dakika moja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, baba mkubwa umetoka msikitini, umekunywa chai, unashika simu. Nakuomba unipigie saa moja. Ukifika mwezi wa kumi na moja huku wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo itakuwa saa mbili. Na hela ya bati za shangazi nitaituma Ijumaa.

Mtoto wenu