Mjomba, Nani Kakuvunjia?

Jumba Kuu lilianguka Jumapili usiku, na hakuna adui aliyelirushia hata kokoto. Vumbi halijatulia kwenye skrini, mpwa wa mwandishi akanyoosha shingo juu ya kompyuta yake upande wa pili wa meza, akamtazama kama daktari mgeni kazini anavyomtazama mgonjwa wake wa kwanza, akauliza kwa upole: "Mjomba, nani kakuvunjia?"

Hakuna aliyemvunjia. Mwandishi wa makala haya, mtu mzima mwenye miwani na kadi ya kupigia kura, alikuwa amelibomoa jumba la mji wake mwenyewe kwa kidole chake mwenyewe, wanakijiji 15 wakiwa ndani.

Mchezo wenyewe ni Age of Empires II, uliotoka 1999 na kukarabatiwa upya 2019. Unaanza na Jumba Kuu, wanakijiji 3 na askari mmoja wa kupeleleza juu ya farasi. Mwanakijiji mpya anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutokea. Wakati unamsubiri huyo, mwingine amemaliza kula mbuni au kondoo wa jirani, wa tatu anakata mti usiotakiwa, na mahali fulani gizani mtoto wa dada yako anafuga mashujaa wa kuja kukuchinja. Hakuna zamu. Kwenye bao mpinzani akishika kete unaweza kunywa kahawa, kumjibu mpita njia na kuulizia bei ya samaki. Huku, ukipiga chafya umepoteza shamba.

Mpwa ana miaka 13 na amelelewa vizuri. Kila mchezo unapoanza husema, "Shikamoo mjomba," hungoja "marahaba," ndipo aanze kuua.

Jumapili hiyo mjomba alikuja na mpango, nao ulikuwa ukuta. Alichimba mawe mpaka wachimbaji wakachoka, akazungushia mji mzima ukuta wa mawe, kipande kimoja mawe 5, kipande baada ya kipande, mpaka ncha mbili zikakutana kama mkufu shingoni mwa bibi harusi. Ulipendeza. Alikaa akiutazama kwa muda ambao mchezaji wa maana angeutumia kufanya mambo 40. Kisha akagundua kuwa hakuweka lango, na kwamba wakata kuni wake 4 wako nje.

Dawa ya jambo hilo alikwisha kufundishwa. Unabofya kipande cha ukuta, unabonyeza Delete, kipande kinaporomoka na njia inapatikana. Akabofya kipande. Kikang'aa kuonyesha kwamba kimeteuliwa. Kidole kilikuwa kinaelekea Delete pale baragumu lilipolia: mashujaa wa mpwa wametokea msituni na wanawafyeka wakata kuni.

Hapo mwandishi alifanya kitu alichokuwa amekifanyia mazoezi wiki nzima, na alikifanya bila kosa. Alibonyeza H, ambacho hukupeleka Jumba Kuu popote ulipo, akafuatisha B, ambacho hupiga kengele ya hatari. Kengele ikalia. Wanakijiji wa ndani wakatupa majembe na kukimbilia jumbani mpaka likajaa, maana linabeba 15 na si zaidi. Wa nje walikimbia hadi ukutani, wakasimama wakiukodolea macho kama watu waliofungiwa geti saa sita usiku. Mwandishi akaona huruma. Akakumbuka ule ukuta, akabonyeza Delete.

Kilichokuwa kimeteuliwa sasa hakikuwa ukuta. H ilikuwa imeshahamisha uteuzi hadi jumbani.

Jumba likashuka chini lote kwa pamoja. Watu 15 wakatokea kwenye kifusi, kila mmoja na nguo zake tu, wakasimama kama abiria walioteremshwa na daladala lililoharibika. Kwenye kona ya skrini kile kihesabu cha wasio na kazi kikaandika 15. Ukuta ulikuwa mzima, mzuri, hauna ufa. Mpwa mwenyewe hakuweza kuingia. Ilibidi aende kutengeneza magogo ya kugongea kuta, na dakika zote hizo mjomba alikaa ndani ya ngome imara kuliko zote alizowahi kujenga, akilinda kifusi.

Kabla ya kumaliza, mpwa aliandika 11 kwenye kisanduku cha ujumbe. Wazoefu wa mchezo huu wanaijua namba hiyo. Ukiiandika, kompyuta ya mwenzako inacheka kwa sauti, kicheko cha mtu mnene aliyeshiba. Dada mtu akauliza kutoka jikoni ni nani huyo anayecheka hivyo nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo mwandishi amekuwa akilala na swali moja: kidole kilikosea nini? Kitufe kilikuwa sahihi. Amri ilikuwa sahihi. Hata nia, mbele ya Mungu, ilikuwa njema.

Jibu limejificha kwenye sarufi. Katika michezo hii mtendwa hutangulia: unateua kwanza, kisha unaamuru. Kitufe ni kitenzi kitupu. Delete inasema "bomoa" na haijui bomoa nini; inamwangukia yeyote aliyeteuliwa dakika hiyo, kama mwalimu aingiaye darasani na fimbo akaanza na aliye karibu na mlango. Kiswahili kisingekubali uzembe huo. Mtu wa Kiswahili akitaka ukuta uondoke anasema "ubomoe," akitaka jumba anasema "libomoe," na ile *u* ndogo ingetosha kuokoa nyumba ya watu 15. Laiti kibodi ingekuwa na ngeli.

La ajabu ni kwamba kibodi hiyohiyo ina vitu vya sarufi ambavyo vingemfurahisha mwalimu yeyote wa lugha. Shika Shift huku ukitoa amri moja baada ya nyingine, na mwanakijiji atazipanga foleni: nenda ukajenge nyumba, ukajenge na kinu, ukakate kuni. Shift ni *-ka-* kamili, ile ya mfuatano, iliyotiwa chuma na kuwekwa pembeni mwa kibodi. Kitufe cha nukta kinakuonyesha mmoja mmoja wanakijiji waliokaa bure, huduma ambayo wizara yoyote ya ajira ingeitamani. Na kuna namba. Zungushia askari wako mstari kwa kipanya, shika Ctrl, bonyeza 1; tangu hapo wote hao jina lao ni Moja. Bonyeza 1 wakati wowote, hata ukiwa upande wa pili wa ramani ukigombana na nguruwe mwitu, nao wanakuitika. Bonyeza 1 mara mbili haraka, na macho yako yanaruka hadi walipo. Mwandishi ana ndugu ambao hawaitiki kwa urahisi huo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwenye Dune II, mchezo wa Westwood wa 1992 ulioweka msingi wa aina hii yote, uliteua kifaru kimoja, ukakiamuru, ukakionyesha pa kwenda, ukaanza upya na cha pili. Jeshi la vifaru 20 lilihitaji uvumilivu wa kuchambua mchele. Warcraft ya 1994 iliruhusu wanne kwa mpigo. Ya pili, mwaka uliofuata, wakafika tisa. StarCraft ya 1998 ikaishia kumi na wawili, na wanaoipenda hadi leo watakwambia kikomo hicho ni sehemu ya utamu: ukiwa na wadudu 60 wa kivita lazima uwaite vikosi vitano, na tofauti kati ya bingwa na mjomba ni kasi ya kuviita.

Huko Korea Kusini mchezo huo ulirushwa kwenye televisheni kama mpira wa miguu, na watu kama Lim Yo-hwan, aliyejulikana kwa jina la BoxeR, wakawa na mashabiki wa kupiga kelele ukumbini. Wachezaji bora wa huko hupita vitendo 300 kwa dakika. Ni vitano kwa sekunde, kasi ya mpiga kanuni wa taarabu akiwa na deni la kulipa. Mwandishi alijipima. Alipata 31, na kimojawapo kilikuwa kuishika miwani isidondoke. Mwishoni mwa 2018 programu ya AlphaStar ya kampuni ya DeepMind iliwafunga wachezaji wawili wa kulipwa wa StarCraft II, TLO na MaNa, michezo 10 mfululizo kabla MaNa hajachomoa mmoja. Wengi walistaajabia akili yake. Mwandishi anachoihusudu ni kutokuwa na vidole.

Aibu nyingine zilifuata, ila hazikufika kimo cha ile ya Jumba Kuu. Alipenda mno *-ka-* akabonyeza Shift mara tano mfululizo, na Windows ikafungua kidirisha katikati ya vita kumuuliza kwa adabu kama vidole vyake vinahitaji msaada. Alikosea Ctrl akagusa kitufe cha Windows, na wakati menyu inafunguka taratibu mji ulikuwa unaungua nyuma yake. Barua moja ya ofisini ilitoka na "hhb" katikati ya sentensi.

Na herufi zenyewe ni za nani? Kwenye StarCraft, A ni kushambulia, kwa sababu ndivyo neno la Kiingereza linavyoanza. Kichwa kilichokulia Kiswahili kikiona A kinasikia "acha." H ni kushikilia hapohapo bila kusogea, na kichwa hicho kinasikia "hama," ambayo ni kinyume chake kabisa. S pekee ndiyo iliyokubali kushirikiana, maana "simama" ni simama kote kote. Kuna mpangilio mwingine unaoitwa gridi, ambao hautazami herufi bali mahali: kitufe cha kona ya juu kushoto kwenye skrini ni kitufe cha kona ya juu kushoto kwenye kibodi, basi. Mwandishi aliuwasha na kwa mara ya kwanza akacheza bila kutafsiri. Ilimchukua miezi kujua kwamba upo, kwa sababu maelezo yake nayo yalikuwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo kicheko kinapomwishia. Mwaka 2015 mchezo wa Age of Empires II ulipata nyongeza iliyoitwa African Kingdoms. Mataifa mapya yalikuwa manne: Waberiberi, Waethiopia, Wamali, na Wareno. Falme za Afrika nne, mmoja wao Ureno. Waswahili wamo, ila hawachezwi. Wao ni wa kupigwa. Katika kampeni ya Francisco de Almeida unapewa Wareno na kuletwa pwani ya Afrika Mashariki ukafanye alichofanya Almeida, yaani yule aliyeiteka Kilwa Julai 1505 na kuichoma moto Mombasa mwezi uliofuata. Mchezo wa Civilization IV, ambao ni wa zamu na unakusubiri kama bao, ulifunguliwa 2005 kwa wimbo wa Kiswahili wa Christopher Tin, "Baba Yetu," na wimbo huo ukachukua tuzo ya Grammy 2011. Kuimba tumeitwa. Kwenye kupigana tumewekwa upande wa nyumba zinazoungua.

Mpwa alitaka waimalize kampeni hiyo pamoja, mjomba akishika kibodi, yeye akielekeza. "Hapo hapo mjomba, wapakie wote melini. Sasa vuka." Askari wa Almeida wakapanda, meli ikang'oa nanga, ikafika kwenye maji ya kina, pwani bado iko mbali. Mwandishi akasimamisha kipanya. Akatazama chini ya skrini kuhakikisha kilichoteuliwa ni kipi. Meli. Akatazama tena. Meli.

"Mjomba, hicho sicho."

Akabonyeza Delete.