Safu ya Ushauri: Kaka Lililopotea na Jirani Asiye na Hatia

Barua zilizoifikia safu hii kutoka Sumbawanga, vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa na bonde lililo chini yake zinafanana katika jambo moja, nalo ni kwamba kila mwandishi amekwisha kumpata mkosaji kabla ya kuuliza swali.

Msomaji wa kwanza, mama mkazi wa mjini Sumbawanga, anaeleza kwamba kwa siku nne mfululizo ameokota alfajiri, chini ya fito wanazolalia kuku wake, yai lisilo na kaka, yaani lisilo na lile ganda gumu la nje, ambalo limefungwa ndani ya utando tu na hubonyea likishikwa. Na kwa kuwa yai hilo huanguka usiku, na kwa kuwa jirani wa upande wa bondeni ameanza kumsalimu kwa uchangamfu usio wa kawaida, anauliza hatua zipi zichukuliwe dhidi ya jirani huyo. Si ajabu kwamba swali hili limetoka katika mji ambao jina lake, kwa tafsiri inayosikika zaidi, lina maana ya "tupa uchawi". Hata hivyo, giza la usiku si ushahidi dhidi ya mtu yeyote, kwa kuwa usiku ndio wakati ambao kuku mwenyewe yumo kazini. Yai huchukua takriban saa 25 kutengenezwa: kiini hushuka katika mrija wa mayai, kikazungushiwa ute kwa muda wa saa chache, kikavikwa utando, kisha yai zima likakaa kwa saa 18 hadi 20 katika mfuko wa mwisho wa mrija huo, ambamo hupakwa kaka tabaka juu ya tabaka, na sehemu kubwa ya upakaji huo hufanyika kuku akiwa amelala. Pale chokaa inapokosekana, mara nyingi yai hutoka kabla ya wakati, na kuku, ambaye hakutazamia kutaga saa hiyo, huliachia papo hapo alipolala.

Mkosaji halisi amelala ghalani, na huyo hakuna Mfipa anayependa kumsikia akitajwa kwa ubaya. Mkoa wa Rukwa, uliko mji wa Sumbawanga, umehesabiwa tangu miaka ya 1980, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, miongoni mwa mikoa minne inayoilisha nchi mahindi, na kuku wa nyumba yenye ghala lililojaa hula mahindi asubuhi, pumba mchana na machicha ya pombe siku ya ngoma. Anashiba, ananenepa, na anakosa kalsiamu, yaani madini ambayo ndiyo sehemu kuu ya chokaa na ya kaka. Kaka la yai moja hubeba kiasi cha gramu 2 za kalsiamu, ilhali katika gramu 100 za mahindi hamna hata gramu 0.05, kwa hiyo kuku anayetegemea mahindi peke yake angelazimika kumeza zaidi ya kilo 4 kwa ajili ya yai moja, mzigo unaokaribia mara mbili ya uzito wake. Kwa kuwa hawezi, hukopa kutoka kwenye akiba iliyomo ndani ya mifupa yake, na mkopo huo usipolipwa, kaka huwa jepesi, kisha hutoweka, na mwishowe kuku mwenyewe huishiwa nguvu za miguu. Kuku wa kienyeji, ambaye hutaga mafungu machache kwa mwaka na kudonoa konokono na wadudu kila aendako, huweza kuimudu hali hiyo kwa muda mrefu. Chotara aliyenunuliwa kwa sababu anataga karibu kila siku hana nafasi hiyo.

Inashauriwa, basi, kwamba mama huyo akusanye makaka ya mayai, ayakaushe motoni na kuyasaga hadi yasifanane tena na yai, maana kuku akilitambua yai katika chakula atajifunza kula mayai yake mwenyewe, na tabia hiyo ni ngumu kuliko uchawi kuiondoa. Vumbi la dagaa wasio na chumvi nyingi kutoka Ziwa Tanganyika, magamba ya konokono yaliyopondwa na chokaa ya mifugo inayouzwa katika maduka ya pembejeo vinafaa pia. Bali chokaa ya kupakia kuta huunguza, wala haimfai kiumbe yeyote. Chombo cha chokaa kiwekwe kando ya chakula, ili anayetaga ajichukulie mwenyewe, na vifaranga wasilazimishwe kuila, kwa kuwa kwao huharibu figo. Chenga ndogo ni bora kuliko unga, kwa sababu hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku, saa ile ile inapohitajika. Zaidi ya hayo, katika baridi ya Juni na Julai kuku wasifungiwe jikoni mchana kutwa, maana bila jua kugusa ngozi, hasa ya miguu isiyo na manyoya, mwili hautengenezi vitamini D, na bila vitamini hiyo chokaa iliyoliwa hupita tu.

Msomaji wa Muze, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa katika Bonde la Ziwa Rukwa, analalamika kwamba kuku aliowanunua Sumbawanga walianza kutaga mayai yenye kaka jembamba mara tu waliposhushwa bondeni, na anadai arudishiwe fedha. Hatarudishiwa. Bondeni kuna joto, na kuku hana jasho, hivyo hujipoza kwa kutweta, na kutweta huondoa katika damu hewa ya kaboni ambayo ni sehemu ya kaka; dawa ni kivuli, maji baridi, na chakula kutolewa alfajiri na jioni.

Barua kutoka Laela haina mzaha. Mayai laini yanapoandamana na kinyesi cha kijani, kukoroma na shingo kupinda, hilo ni shauri la mdondo, uitwao pia kideri, ambao hauna tiba. Chanjo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, hutolewa kwa kuku wazima, na aliyengoja hadi wapinde shingo amechelewa. Mtaalamu wa mifugo aitwe, na kuku hao wasipelekwe mnadani.

Lakini si kila yai laini ni shauri la hofu: tembe, yaani kuku jike anayeanza tu kutaga, akitoa yai la namna hiyo mara moja au mbili, aachwe.

Mwisho, baba mmoja wa Matai anaamini kwamba mayai laini ni udhaifu wa jogoo, naye ameshanoa kisu. Jogoo anahitajika ili yai litoe kifaranga; kuku hutaga hata asipomwona jogoo maishani, na kaka ni kazi ya jike peke yake. Mwaka 1474 mjini Basel, katika Uswisi ya leo, jogoo mmoja alishtakiwa kwa kutaga yai, akahukumiwa na kuchomwa moto. Huyu wa Matai hashtakiwi hata kwa kutaga. Aachiwe huru leo, kama bado hajatiwa chunguni.