Gari Lisilo na wa Kulisukuma

Mama, Mjomba, na wote wa barazani Majengo, Mombasa,

Jana serikali ya huku Uingereza ilinikumbusha kodi ya gari, na kodi yenyewe ni paundi sufuri. Si mzaha. Morris Minor langu ni la 1961, na gari likishapita miaka 40 husamehewa. Lakini msamaha huo lazima niushughulikie upya kila mwaka, kama mtu anayelipa, ili nisilipe. Tena hata ukaguzi wa kila mwaka limesamehewa, wakati gari la jirani la miaka minne lazima likaguliwe. Kwetu gari likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Huku likizidi arobaini linaheshimiwa kama mzee wa mtaa. Mjomba, ile Peugeot yako iliyolala chini ya mwembe ingekuwa Oxford, ungeitwa mhifadhi wa turathi.

Watu nimewaambia nililinunua kwa mapenzi ya historia, kwa kuwa magari haya yaliundwa papa hapa Oxford, mtaa wa Cowley. Ukweli ni kwamba lilikuwa rahisi.

Basi betri ikafa. Nikanunua mpya, nikaifunga mwenyewe kwa elimu niliyoipata nikimshikia fundi tochi pale Mwembe Tayari: hasi huenda kwenye bodi. Kichwa kimoja cha waya kikakataa kuingia. Gari lilikuwa linaniambia kitu. Nikalijibu kwa nyundo.

Stata ikazunguka, taa zikawaka, nikajipongeza kwa lugha mbili. Ila ile taa nyekundu ya dashibodi, ambayo huzimika dainamo ikianza kuchaji, ikagoma kuzimika. Nikikanyaga mafuta ndiyo kwanza inang'aa, kama mtoto aliyeambiwa anyamaze. Nikakaza mkanda wa feni. Nikasugua nyaya. Nikasoma kitabu, nikakuta kwamba dainamo haichaji injini ikinguruma polepole. Ukisimama kwenye foleni umewasha taa na waipa, unakula akiba. Hapo nikaielewa: dainamo ni kama mimi, tusipokimbia hakuna kipato.

Siku ya tatu likazimika kabisa, saa kumi na moja jioni ya majira haya ya baridi, giza totoro. Ndiyo, saa kumi na moja. Msinicheke.

Sasa fikirieni gari limezimika Mwembe Tayari. Hujafungua mlango, vijana sita wako nyuma wanasukuma, wawili wamefungua boneti, mmoja anasema plagi, mwingine anasema jicho la watu, na wa mwisho hajagusa kitu ila anataka ya chai. Mimi nilikaa nusu saa peke yangu. Pazia moja likafunguka, likafungwa. Nikaenda kutafuta tochi, nikarudi nikakuta karatasi kwenye kioo: tafadhali usiegeshe mbele ya lango langu, tafadhali.

Aliyeniokoa ni babu mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake. Akaitazama betri, akacheka mpaka mbwa akaketi. Gari hili, akasema, chanya ndiyo huenda bodini. Ndivyo yalivyofungwa mengi zama hizo. Na kichwa kilikataa kwa sababu mguu wa chanya ni mnene kuliko wa hasi. Akaichukua betri kwake ikajae usiku kucha. Asubuhi akaifunga inavyotakiwa, akapiga msasa ncha za swichi zilizoungua ndani ya kisanduku cha chaji, kisha akaigusa dainamo kwa waya: cheche! Chuma cha ndani, akanieleza, hubakiza sumaku kidogo. Ukikivuruga kinasahau kwao ni upande gani. Cheche ni ya kukikumbusha.

Mimi cheche yangu ni Mama, anayepiga simu saa mbili asubuhi ya Mombasa, ambayo huku ni saa kumi na moja alfajiri, kuuliza kama nimekula.

Nikawasha. Nikakanyaga mafuta, taa nyekundu ikazimika. Nikataka kumlipa babu, akakataa katakata. Nikamwambia basi achukue angalau ya chai, nikiitafsiri hivyo hivyo neno kwa neno. Uso ukamng'aa. Akafuta viatu, akaingia ndani kwangu, akaketi akingoja.

Nikainjika sufuria, nikatia tangawizi na iliki. Akanywa vikombe vitatu. Kiti kile nilikinunua miaka miwili iliyopita. Yeye ndiye mgeni wa kwanza kukikalia.

Mjomba, ile Peugeot usiiuze.

Mwanenu, fundi wa nyundo