Shusha Hapo Kwenye Jengo Refu

Abiria aliyekulia Dar es Salaam ana imani moja isiyotikisika: chombo kikipita pale unapotaka kushuka, kitasimama. Pasipo na kituo, kuna konda. Konda akijifanya hasikii, kuna bati la kupiga kofi. Na dereva naye akikaza shingo, daladala nzima itapaza sauti kwa niaba yako, na mama wa siti ya mbele ataongeza maneno yake mawili matatu ambayo hukumwomba. Imani hiyo nilihamia nayo London, ikanitesa miaka yote niliyofanya kazi jirani na kituo cha treni cha London Bridge kilipokuwa kikijengwa upya.

Kituo chenyewe ni kikongwe. Kilifunguliwa mwaka 1836, mwisho wa reli ya kwanza kuingia London, na ile reli ya kutoka Greenwich ilijengwa juu ya matao 878 ya matofali, kiasi kwamba mpaka leo abiria huona mapaa ya watu na nguo zilizoanikwa kabla hajauona mji. Kila kizazi kilibandika kipande chake, hadi vikawa kama vituo viwili visivyosalimiana: upande huu treni zinazoishia hapo, upande ule zinazopita kwenda mbele. Wahandisi walipoanza kukifumua mwaka 2013, nia ilikuwa njema. Majukwaa ya treni zinazopita yaongezwe kutoka 6 hadi 9, ya zile zinazoishia yapunguzwe kutoka 9 hadi 6, na chini ya yote hayo uchimbwe ukumbi mmoja mkubwa wa kuwakutanisha watu. Ila kituo kilikuwa kinatumika zaidi ya mara milioni 50 kwa mwaka, na huwezi kuwaambia watu hao wakae nyumbani mpaka 2018. Basi ikaamuliwa kijengwe huku kinafanya kazi, sawa na kumpasua mtu tumbo akiwa sokoni anauza nyanya zake, na wateja wanatakiwa wasijali.

Januari 2015 treni za kwenda Charing Cross zikaacha kusimama London Bridge. Hazikubadilishiwa njia. Zilipita palepale, polepole, kwa heshima zote, milango imefungwa. Sababu ilikuwa ya haki kabisa: majukwaa yake yalikuwa yanavunjwa na kujengwa upya, na mlango ungefunguliwa ungeshukia kwenye nondo. Treni za Cannon Street ziliendelea kusimama, lakini kule Woolwich ninakoishi kila aliyekuwa na akili aligundua jambo hilo siku moja na mimi. Asubuhi hazikuingilika.

Kwa hiyo nilipanda ya Charing Cross na kukitazama kituo changu kikipita dirishani. Kuna siku taa nyekundu iliisimamisha treni pale katikati, nami nikaweza kuliona dirisha la ofisi yetu. Bosi alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Sijui kama aliniona, lakini alinyanyua mkono akatazama saa yake. Nikampungia. Taa ikawa kijani, treni ikanichukua na kunipeleka Waterloo East, ng'ambo kabisa ya nilikokuwa nakwenda. Kutoka hapo unashuka hadi Southwark, unapanda treni ya chini ya ardhi, unarudi nyuma kituo kimoja, unatokea London Bridge kutokea tumboni. Ukifika juu unakuta njia uliyoizoea Ijumaa imezibwa kwa mbao Jumatatu, na kijana mwenye fulana ya kung'aa anakuelekeza njia nyingine ambayo yeye mwenyewe ameijua asubuhi ileile. Muda wote spika inaomba radhi kwa usumbufu na kutushukuru kwa uvumilivu wetu. Huo uvumilivu waliutoa wapi, sijui. Sisi tulikuwa hatuna.

Mama alinipigia simu kutoka nyumbani nikamsimulia.

"Baba, hiyo treni ina dereva?"

"Anaye, mama."

"Ana macho?"

"Anayo."

"Sasa anashindwaje kukuona umesimama mlangoni?"

Nilijaribu kumweleza habari za majukwaa na nondo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimemkosea mtu yeyote pale reli.

Kiangazi cha 2016 shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja kututembelea kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Hamu yake kubwa ilikuwa kupiga picha chini ya jengo la Shard, lile refu la vioo lenye zaidi ya mita 300, ambalo limesimama ubavuni mwa kituo. Nikamweleza tangu nyumbani kwamba treni yetu itapita hapo bila kusimama, tutashuka mbele, turudi kwa miguu kando ya mto. Akacheka sana. Aliona ni utani wa mtu aliyekaa ughaibuni muda mrefu.

Jengo lilipojitokeza, akasimama, akajipanga mlangoni, simu mkononi. Kituo kikaja. Kituo kikaanza kuondoka. Shemeji akanigeukia, akaona nimekaa, akaelewa kuwa huyu hana msaada. Hapo Mbagala ikaamka ndani yake. Akaupiga mlango makofi matatu mazito: "Shusha! Shusha hapo! Shusha hapo kwenye jengo refu!"

Behewa zima likanyamaza zaidi ya lilivyokuwa limenyamaza. Waingereza wana ukimya wa kawaida na ukimya wa aibu, na sisi tuliokaa nao tunaweza kuutofautisha. Mama mmoja akalichunguza gazeti lake kana kwamba ameandikwa humo. Lakini mzee aliyeketi mbele yangu akainama, akaninong'oneza: "Mwambie ndugu yako nimetamani kufanya hivyo tangu Januari mwaka jana."

Shemeji hakufarijika. "Hata treni ya Mwakyembe inasimama," akasema, akimaanisha treni ya mjini iliyoanza Dar mwaka 2012 na kubandikwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. "Ina joto, inajaa, lakini ukifika unashuka." Picha alipiga, ila usoni ana sura ya mtu aliyedhulumiwa nauli.

Baada ya hapo nikahamia treni za Cannon Street kwa nguvu. Nikajifunza kuwahi, nikapata hata kona yangu ya kusimama karibu na mlango. Mwisho wa Agosti mwaka uleule wakageuza kibao: za Charing Cross zikaanza kusimama London Bridge, na za Cannon Street zikaacha, mpaka Januari 2018.

Nilirudi za Charing Cross, ndiyo. London yote ya kusini mashariki ilirudi pamoja nami. Nikaona afadhali nibaki na kona yangu, nivushwe mto hadi Cannon Street, kisha nirudi kwa miguu juu ya daraja. Sasa asubuhi daraja la London Bridge huvukwa na maelfu ya watu, wote wanakwenda kaskazini kwenye mabenki, wote wanatembea kama wameitwa polisi. Mimi nilikuwa nakwenda kusini. "Samahani" niliyoisema darajani pale ingetosha kusuluhisha ndoa nyingi. Watu waliniangalia kwa huruma. Nadhani walidhani nimefukuzwa kazi.

Mwaka 2018 kituo kikakamilika. Mei akaja Prince William kukifungua rasmi. Kwa haki, kimependeza, na ukumbi wake walijigamba kuwa ni mkubwa kuliko kiwanja cha kuchezea mpira cha Wembley. Nawaamini. Kutoka jukwaani hadi getini sasa natembea muda ambao zamani ningekuwa nimeshatia sukari kwenye chai.

Shemeji hajarudi London. Lakini tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro, Juni 2024, amekuwa bingwa wa mambo ya reli. Juzi alinitumia video: amekaa dirishani kwenye treni ya haraka, ameegemea, na stesheni ya Ngerengere inapita nje bila hata kupewa hodi. Nikamwuliza mbona hajaupiga mlango.

Jibu likaja kwa sauti, kwa utulivu wa mtu mwenye mali. "Shemeji, hii ni ya haraka. Tukisimama kwa kila mtu tutafika lini? Anayetaka Ngerengere apande ile ya kawaida, asitucheleweshe."