Jirani Anaunguza

Tui zito halitaki kuachwa peke yake. Nimefundwa hivyo tangu sijaolewa, na bado Jumamosi ile nililimimina kwenye maharage, nikakoroga mara tatu, nikaenda sebuleni "dakika tano tu". Mama mkwe, aliyekuja kutoka Pangani kutibiwa goti, alikuwa keshajipanga mbele ya runinga.

Filamu ilikuwa Bride and Prejudice. Salma aliileta kwenye flashi, akamwambia bibi yake kwamba mwongozaji, Gurinder Chadha, kazaliwa Nairobi. Basi ikawa filamu ya nyumbani.

Mimi riwaya yenyewe niliisoma chuoni: Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya mwaka 1813, mabinti watano wa Kiingereza na mama asiyepata usingizi kwa kuwatafutia waume. Mwaka 2004 Chadha akawahamishia Amritsar, akawapunguza wakawa wanne, na Darcy, yule mposaji tajiri, akamfanya Mmarekani mwenye mahoteli. Swali halikubadilika: nani anaposa, na ana nini?

Kila Aishwarya Rai, nyota wa filamu, akimpasha Darcy, mimi napiga makofi. Mama kimya. Alichangamka alipotokea Bwana Kohli wa Los Angeles, yule anayejisifia maisha ya Marekani na adabu ya mezani hana.

"Mume si huyu hapa? Ana nyumba, ana kazi. Msichana anataka nini tena?"

"Mama, humwoni anavyokula?"

"Atakula kwake, wewe kinakuuma nini?"

Kwenye ngoma ya swila ya Maya, mmoja wa wale mabinti, Mama alijifunika uso kwa kanga, ila jicho moja lilibaki nje. Nadhani ni hapo harufu ilipoingia. Baba Salma akanusa.

"Jirani anaunguza."

"Kila siku yule," nikamuunga mkono, na kwa kweli niliamini.

Darcy na hasimu wake Wickham wakaanza kutwangana ndani ya sinema London, mbele ya skrini yenye filamu nyingine ya Kihindi, na hapo hapo pa! Giza. Luku imekwisha. Baba Salma akanunua umeme kwa simu, akawa anasoma zile tarakimu 20 huku Salma anabonyeza, wakakosea mara mbili, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Gizani harufu ikazidi kunoga. Nikaondoka kwa kunyata.

Gesi haikuwa na habari na luku. Tui lilikuwa limekatika, maharage ya chini yameshikana na sufuria, meusi kama lami. Nikazima, nikafunika, nikaanza kutafuta steliwaya.

Umeme uliporudi nilikuwa nakwangua polepole, mlango nimeurudishia. Harusi ya mwisho niliisikia tu: ngoma, vifijo, na Salma akipiga kelele, "Bibi, tembo!" Kisha nikamsikia Mama akimchambua mamake Darcy. Kwenye riwaya bibi yule mwenye makuu ni dada wa mamake Darcy. Chadha kamgeuza mama mzazi, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipopatia kuliko kote.

"Mkwe kama yule," Mama anasema, "binti wa watu atakoma. Atafuatwa mpaka jikoni."

Goti likalia. Kandambili zikaja taratibu ukumbini, mlango ukasukumwa. Akafunua kifuniko, akanusa, akaniangalia.

"Kumbe jirani ni wewe?"