Bunduki ya Tembo Isiyowahi Kuona Tembo

Katika ukoo nilikoolewa kulikuwa na hadithi isiyopingwa. Ilisema kwamba bunduki iliyofungiwa kwenye kabati la chuma la baba mkwe ilikwenda Afrika Mashariki enzi za utawala wa Wajerumani, ikaangusha tembo katika milima ya Usambara, kisha ikarudi nyumbani Odenwald, huku Hessen, na sifa zake. Mimi ni Msambaa wa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kila Krismasi hadithi ilipoanza, meza nzima ilinigeukia kama vile tembo yule alikuwa jirani yetu. Tembo ninaowajua mimi ni wa nyika ya Mkomazi, kule chini. Lakini msimulizi alikuwa mzee wa mume wangu, na mkwe hamkatizi mzee maneno mbele ya wageni.

Baba mkwe alipofariki, maua hayajanyauka kaburini, mjadala wa bunduki ukaanza. Ujerumani mrithi wa silaha ana mwezi mmoja tu tangu kukubali urithi kuomba hati ya kuimiliki, na ofisi ya silaha ya wilaya ilitutumia barua kutukumbusha. Walitaka aina ya bunduki, namba yake na kipenyo cha mitutu. Karatasi za marehemu zilikuwa kabatini pamoja na bunduki. Ufunguo wa kabati hakuna aliyejua ulipo. Baba mkwe alikuwa mtu wa kufuata sheria, na sheria inasema asiye na kibali asiweze kuifikia silaha, hata akiwa mke wa mwenyewe. Alimficha mama mkwe ufunguo kwa zaidi ya nusu karne ya ndoa, akaenda nao.

Tulipekua nyumba nzima. Tulimimina makopo ya kahawa, tukapapasa mifuko ya makoti ya Jumapili, tukafungua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitupu. Wifi yangu alipanda darini na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani, mikono mitupu. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alitaka kabati likatwe kwa msumeno wa umeme. Mama mkwe alisimama mbele ya mlango wa chuma.

"Aliyelifunga alikuwa na sababu zake," alisema. "Litafunguliwa kwa heshima au litabaki hivyo hivyo."

Akaitwa fundi wa kufuli. Alitoboa tundu dogo karibu na kitasa, akachokoachokoa kwa subira, na mlango ukafunguka bila kelele.

Ndani kulikuwa na bunduki moja imesimama kwenye soksi ya sufu. Ni drilingi, bunduki ya mitutu mitatu ambayo Wajerumani wameifanya yao tangu miaka ya 1870: mitutu miwili ya marisau imekaa sambamba, na chini yake mtutu mmoja wa risasi. Kitako ni cha mjozi, kina kibonge cha kuegemeza shavu. Kinga ya vifyatulio ni ya pembe ya nyati, nyeusi inayong'aa. Pale kitako kinapoanza kuna kibonye. Ukikisukuma mbele, kilengeo kidogo kilicholala juu ya mitutu kinainuka chenyewe, na kifyatulio cha mbele kinaacha mtutu wa marisau na kushika ule wa risasi. Mwindaji anakuwa tayari kwa ndege wa porini, na nguruwe pori akitokea ghafla, kidole gumba kinabadilisha silaha nzima. Mume wangu alipokisukuma kile kibonye mara ya kwanza, sote tulinyamaza kwa kustaajabu kazi ya mikono ya watu.

Shemeji aliishika bunduki, akasoma maandishi yake kwa sauti, na nyumba ikaingia homa. Juu ya mitutu palichongwa jina la mtu wa Darmstadt. Hilo, alisema, ndilo la fundi mkuu aliyeiunda. Pembeni paliandikwa *Fluss Stahl Krupp Essen*. Kumbe ilitengenezwa na Krupp, wale wa mizinga ya vita! Chini palikuwa na 9,3. Hapo alipiga kofi mezani. Alishasoma kwamba risasi ya milimita 9.3 iliundwa mahsusi kwa ajili ya Afrika. Basi ushahidi umekamilika: tembo, Usambara, Krupp. Jioni ile alikwishaezeka upya paa la nyumba yake kwa fedha za mnada. Mume wangu alitaka bunduki ipelekwe makumbusho. Wifi alitaka isitoke nyumbani. Wakawa hawasalimiani vizuri, watu waliokula sahani moja tangu utotoni.

Kesho yake asubuhi nilimkuta shemeji jikoni na stilwaya ya kusugulia masufuria. Alitaka bunduki ing'ae kabla mthamini hajaiona. Wifi alimnyang'anya, lakini upande wa kushoto wa bamba la mitambo ulikuwa umeshakuwa mweupe kama kijiko. Upande wa kulia ulibaki na mawingu ya bluu, kahawia na kijivu. Rangi zile hazikupakwa kwa brashi. Chuma kilifungiwa ndani ya sanduku lenye mifupa na makaa, kikachomwa hadi kikawa chekundu, kikazamishwa majini ili ngozi yake iwe ngumu, na rangi ni alama ya moto ule. Zikishasuguliwa, zimekwenda. Yeyote aliyerithi bunduki, saa au panga la zamani na ashike hili moja: usisafishe kitu kabla anayekijua hajakiona. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha kaa mbali nacho.

Ofisi ya silaha ilituelekeza tuipeleke kwa fundi bunduki mwenye leseni, ikiwa tupu na imefungiwa ndani ya mkoba wake. Tulikwenda sote, na mama mkwe alikaa kiti cha mbele. Fundi hakutazama nakshi wala jina la juu. Alichomoa gamba la mbao la mbele, akaifungua bunduki, akainyanyua mitutu na kuigeuza juu chini mezani. Akasogeza taa. Hapo chini, mahali pasipoonekana bunduki ikiwa imefungwa, palikuwa na safu ya alama ndogo.

Alitusomea moja moja. Taji juu ya herufi U: imekaguliwa. Taji juu ya S: mtutu wa marisau. Taji juu ya W: mdomo wa mtutu umebanwa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema. Taji juu ya G: mtutu wenye mifereji ndani, wa risasi. Ndivyo ilivyoagizwa na sheria ya Ujerumani ya 1891 iliyolazimisha kila bunduki ifyatuliwe kwa baruti ya kupita kiasi kabla ya kuuzwa, ili ikipasuka ipasukie kwenye nyumba ya majaribio, siyo usoni mwa mnunuzi. Ndani ya duara palikuwa na 16, maana risasi 16 za mviringo za kutosha mtutu ule hutimiza ratili moja ya madini ya risasi. Nyumba ya majaribio ilikuwa Suhl, Thuringia, mji ambao mafundi wake wamefua bunduki kwa karne nyingi.

"Na jina la Darmstadt?" aliuliza shemeji.

"La mwenye duka. Maduka yaliagiza bunduki Suhl, yakachonga majina yao juu."

"Na Krupp?"

"Aliuza chuma cha mitutu. Bunduki nyingi za wakati ule zina jina lake."

Ikaja zamu ya 9,3. Fundi alileta risasi mbili tupu, akazisimamisha mezani. Moja, 9.3x62, iliundwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa bunduki za Mauser, na kweli ilipendwa sana na wawindaji na walowezi wa Afrika. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi, nyembamba, yenye ukingo kitakoni: 9.3x72R. Hiyo ndiyo yetu. Asili yake ni zama za baruti nyeusi, na ni ya paa na nguruwe wa misitu ya Ujerumani. Kumwendea tembo nayo ni kutafuta kifo. Ndefu ndiyo iliyokuwa dhaifu. Urefu wake ulikuwa wa kubeba baruti ya zamani.

Mwisho alituonyesha tarakimu ambazo shemeji alidhani ni namba ya toleo: 8 27. Agosti 1927. Utawala wa Wajerumani kwetu ulikwisha na Vita ya Kwanza ya Dunia. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alisalimisha majeshi yake Abercorn Novemba 1918. Babu mkubwa wa mume wangu kweli aliishi Usambara kabla ya vita hiyo. Bunduki ilizaliwa baada ya yeye kurudi.

Nilimtazama mama mkwe. Nilikuwa nimeisubiri kweli hiyo miaka mingi, lakini sikupenda imfikie katika msiba. Yeye hakumwangalia fundi usoni. Aliangalia mitutu, chini, palipokuwa na vishimo vya kutu vilivyojipanga mstari upande mmoja tu.

"Hii ililazwa mahali penye unyevu," fundi alisema. "Muda mrefu, ubavu mmoja."

"Chini ya banda la mbuzi," alijibu mama mkwe.

Alitusimulia palepale, mambo ambayo wanawe hawakuwahi kuyasikia. Aliyapata kutoka kwa mama mkwe wake yeye, walipokuwa wakimenya viazi. Mwaka 1945 majeshi ya Washirika yaliamuru raia wasalimishe silaha zote, na adhabu iliyotangazwa ilifika kifo. Babu, baba wa baba mkwe, aliipaka bunduki mafuta mazito, akaifunga kwenye turubai, akaizika usiku. Wawindaji wakawa hawana silaha, nguruwe pori wakazidi, wakafukua viazi mashambani wakati watu wenyewe walikuwa na njaa. Kuna usiku babu aliifukua. Baba mkwe alikuwa mtoto; alikula nyama ile na kuapishwa asiseme. Sheria mpya ya silaha ilipoanza kutumika 1973 na wenye bunduki za zamani wakapewa nafasi ya kuziandikisha, aliipeleka ikaandikwa. Lakini ulimi wake ulikuwa umeshazoea. Watoto walipouliza kutu ile imetoka wapi, aliwapa tembo.

Fundi aliandika thamani. Isingesuguliwa, ingefika euro 700. Sasa ni 450. Drilingi nzuri za Suhl ni nyingi, na wawindaji wa leo wanataka bunduki za kufungia darubini. Tena alionya: vyumba vya mitutu hii ya marisau ni vya milimita 65, na risasi nyingi za dukani sasa ni za 70. Itaingia vizuri, lakini ikifunguka inabana mdomo na shinikizo linapanda. Asiyejua angeweza kuumia.

Paa la shemeji halikuezekwa. Njiani alimwomba dada yake radhi, na wifi akampokea. Bunduki iliandikwa kwa jina la mama mkwe, na kwa kuwa yeye si mwindaji, mitutu yote mitatu ilizibwa kwa vizibo vya chuma vyenye kufuli, kama sheria inavyotaka. Wifi anasomea mtihani wa uwindaji. Akifaulu, ataandikiwa yeye na vizibo vitatolewa.

Nimeishi na hadithi ya tembo nikidhani ni majivuno ya watu waliotawala kwetu. Ilikuwa pia blanketi la hofu, mtu mzima akificha kosa lililomlisha utotoni. Fahari ya uongo iliwanyima watoto wake babu wa kweli, aliyehatarisha shingo yake kwa ajili ya viazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bunduki ile lilikuwa chini ya mitutu, nusu yake. Nusu ya pili ilikuwa kichwani mwa bibi wa miaka themanini ambaye hakuna aliyemuuliza, kwa sababu ni mkwe, aliyekuja tu kuolewa.

Kwa hiyo uliza, hasa wakwe. Wao hupewa hadithi jikoni ambazo wenye ukoo hawapewi sebuleni. Muulize mama kitu hiki kilitoka wapi, nani alikileta, kwa nini kimepinda hapa. Andika jibu, tarehe na jina la aliyesema, karatasi ikae pamoja na kitu. Mthamini atakupa bei kwa saa moja. Habari zenyewe zina mwenyewe, naye anazeeka.